Antena za ndege zakorofishana, piga hesabu kabla ya kutoboa bati

Haya asalaam aleikum, huko nyuma mwanisikia? Nyote mwavuka boti kwenda Manda kupanda ndege, sasa siku ingine itazameni ile ndege ndogo ya Caravan mgongoni na tumboni, vile vipembe ni antena, za redio ya rubani (VHF), GPS, transponda inayoijibu rada, VOR ya kuonyesha njia, zote zimebanana kwenye bodi isiyofika mita 13.

Redio ya rubani yatoa kama wati 10, yani +40 dBm (desibeli kulinganisha na miliwati 1, kila 10 ni mara kumi), na GPS inachopokea ni kama -130 dBm. Tofauti desibeli 170! Mtu ataniambia lakini mwalimu, redio iko megahezi 118 mpaka 137 na GPS iko 1575.42, wapi na wapi? Hapo ndipo penye kazi. Redio hutoa na hamoniki, yani frikwensi yake ikizidishwa mara 2, mara 3, kuendelea, japo kwa unyonge. Chukua 121.175 mara 13, wapata 1575.275. Chukua 131.275 mara 12, wapata 1575.3. Rubani abonyeza kusema, GPS yapotea, akiachilia yarudi.

Kutabiri ni kujumlisha na kutoa tu: nguvu ya hiyo hamoniki, toa kinachopotea njiani baina ya antena mbili, toa kinachozuiliwa na filta, yani kichujio cha frikwensi, kisha linganisha na kile risiva, yani kipokezi cha GPS, yaweza kuvumilia. Mita 1 kwenye 1575 yapoteza desibeli 36 hivi, na kila ukizidisha umbali mara mbili waongeza 6 pekee, kwa hivyo kwenye ndege ndogo kusogeza sogeza hakukupeleki mbali, mimi naamini sana bodi yenyewe. Weka moja juu nyingine chini, wimbi halipenyi bati, lazima litambae kuzunguka na latawanyika likitambaa, kama sauti ikikata kona kwenye vichochoro vyetu vya Lamu, na frikwensi ikiwa kubwa ndio lazidi kudhoofika. Hesabu za wimbi kukata kona na kutambaa zatokana na mtaalamu Keller, kisha Kouyoumjian na Pathak mwaka 1974 wakazirekebisha zile za kwenye kingo pale mpakani mwa kivuli, na ukiichukulia bodi kuwa silinda wapata jibu zuri tu.

Ila GPS lazima ikae juu ione anga, kwa hivyo VHF ya mgongoni ndio ya kuchunga. Na msisahau ELT, redio ya dharura ya kuita msaada ndege ikianguka! Imezimwa lakini antena yake yadaka VHF na kuitoa tena na hamoniki zake. Jaribuni chini, nje ya hanga, mnara wa kuongoza ndege ukijua, mbonyeze redio kwenye frikwensi zile mkitazama setilaiti kwenye skrini ya GPS. GPS ikipotea chomoeni waya wa ELT kwa muda mrudie, ikitulia mushampata mkorofi, wekeni filta ya kuzuia 1575 kwenye waya wake.