Vigae vya Mkono na Mafundi Wanaovipanga

Mhadhara uliotolewa Lubumbashi mbele ya mafundi, wanafunzi wa ujenzi na wenye nyumba

Ndugu zangu mafundi, wanafunzi, akina mama na akina baba mliofika,

Wengi wenu mmenisikia nikilalamika juu ya jambo hili mara nyingi, na wamo humu ukumbini watu ambao wangeweza kuutoa mhadhara huu kwa niaba yangu bila kukosea neno. Sitaeleza kigae ni nini. Mnavyo majumbani, mnaviita makaro, na karibu vyote vimetoka kiwandani, vyeupe, vya kung'aa, vyenye mishipa ya marumaru iliyochapwa kwa mashine, hivi kwamba ukikaa sebuleni ukingoja chai unaweza kuhesabu ni baada ya vigae vingapi mshipa uleule unarudi. Leo nazungumzia vigae vilivyofinyangwa kwa mkono, na hasa jinsi tunavyoviharibu siku ile ya kuvibandika.

Miaka michache iliyopita niliagiza vigae vya kijani kwa ajili ya ukuta wa jiko langu, mita 4 za mraba, kila kigae sentimita 10 kwa 10, yaani vigae 400 pamoja na akiba ya 50. Mfinyanzi alivikata udongo ukiwa bado mbichi kwa kipimo cha sentimita 11 na ushee, kwa kuwa udongo wake hupungua karibu sehemu moja ya kumi hadi ukauke na kuchomwa. Rangi yake ya kijani ilitokana na shaba. Lile tabaka la kioo linalofunika uso wa kigae liliposhika nene, kijani kilikoza kama sombe iliyopikwa vizuri. Lilipokuwa jembamba, kwenye kingo na pembe, rangi ilififia na udongo ukachungulia. Hapakuwa na vigae viwili vilivyofanana, nami nilikuwa nimevilipia kwa sababu hiyohiyo.

Nikamwita fundi mwenye sifa njema, mtu mwangalifu, nikampa funguo, nikaenda Likasi kwa siku mbili. Niliporudi nilimkuta ananawa mikono, amefurahi. Alikuwa ameketi jioni nzima akivichambua: vilivyokoza akavipanga chini, vya wastani katikati, vilivyofifia juu. “Mzee,” akaniambia, “nimevipatanisha, rangi hazigombani tena.” Ukuta wangu ulifanana na ukuta wa nyumba iliyopandwa na maji mwezi wa pili. Shemeji yangu alipokuja kututembelea aliugusa kwa kiganja, akauliza kama bomba limepasuka ndani. Na vigae arobaini na kitu ambavyo fundi aliviona vimepinda kidogo vilikuwa nje uani, chini ya bidoni za maji.

Msicheke sana, kwa maana kosa lilikuwa langu. Fundi huyo alifundishwa kwa vigae vya kiwandani, na huko tofauti ya rangi maana yake ni kwamba umeuziwa maboksi ya mikupuo miwili, nayo yanastahili kurudishwa dukani. Jicho lake lilikuwa sahihi kwa kazi nyingine. Mimi niliyejua tofauti sikumwambia kwamba vigae vya mkono hufunguliwa vyote kwa pamoja, vikachanganywa kama karata, vikatandazwa sakafuni kabla ya gundi au saruji kuguswa, kisha mtu anarudi nyuma hatua tatu, anakodoa macho, na anabadilisha kile tu kinachopiga kelele. Sikumwambia pia kwamba pima maji yake ingemsumbua bure. Vigae hivi havilali sawasawa; kimoja hutazama juu kidogo, kingine pembeni, na mwanga wa dirisha unapopita ubavuni mwa ukuta kila kimoja huupokea kwa namna yake. Ukivilazimisha viwe bapa kama kioo umelipa gharama ya mkono ukapata sura ya mashine.

Kuhusu mianya, vile vimisalaba vya plastiki mnavyotia katikati ya vigae vya kiwandani haviwezi kusaidia vipimo visipolingana, basi tumieni uzi, mkiacha milimita 3 hadi 5, ili kigae kikubwa kiazime nafasi kwa kidogo. Najua mmoja wenu ataniambia kwamba kule Fez, Moroko, vigae vya zelige hupangwa vikikaribia kugusana kabisa. Ni kweli. Lakini vya kule hukatwa kwa nyundo, kingo zake zikachongwa kuelekea nyuma, na mafundi wake wameirithi kazi hiyo vizazi kwa vizazi. Wewe umeianza Jumatatu. Na tafadhali, msijaze mianya kwa saruji nyeupe katika mji huu. Vumbi letu jekundu la kiangazi litaigeuza rangi kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja, na mama mwenye nyumba atashika mswaki na kuwalaani. Tumieni ya kijivu au ya rangi ya udongo.

Sasa lile pingamizi ninalolisikia kila mahali: udongo wetu haufai, tuagize ng'ambo. Linanichosha. Sehemu kubwa ya nyumba za mji huu imejengwa kwa matofali yaliyofyatuliwa kutokana na vichuguu, kwa sababu mchwa hupandisha juu chembe laini za udongo, na hapa Katanga wamejenga vichuguu vinavyozidi mita 5. Wazee wetu wafua shaba waliyeyusha malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, katika matanuri ya udongo huohuo wa vichuguu, na shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1085. Tanuri la kigae cha kawaida halihitaji joto kali kuliko hilo. Sisemi kwamba ukibomoa kichuguu umepata kigae. Udongo lazima upondwe, uchekechwe, uchanganywe na unga wa matofali yaliyokwisha kuchomwa ili usipinde, kisha ukaushwe polepole chini ya kitambaa, maana upepo wa mwezi wa saba hukausha uso kabla ya mgongo.

Rangi nayo tunaikanyaga. Malakiti ina shaba, nayo hutoa kijani. Bluu ya vigae vya Iznik nchini Uturuki, ya Delft nchini Uholanzi na ya Ureno hutokana na madini ya kobalti, na kiasi chake ni kidogo, kama sehemu moja katika mia ya tabaka la kioo. Msinizushie kwamba kobalti ya Delft ilitoka Kolwezi, hapa kwetu Kongo; Ulaya ya karne ya 17 iliipata hasa Saxony, Ujerumani. Lakini leo zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka nchini mwetu, na bado kigae cha bluu tunakingoja kwenye lori. Wala asiende mtu kuokota mawe mgodini akayasaga jikoni: ndani yake mna madini mengine, na vumbi lake lina madhara kwa mapafu. Nunueni oksidi ya kobalti iliyosafishwa.

Gharama? Anza na mita moja ya mraba nyuma ya sinki, kuta nyingine zipake chokaa. Sakafuni sikushauri, mchanga wa viatu hukwaruza kioo laini. Bafuni inawezekana, mradi ukuta wa nyuma uzibwe maji kwanza, na hapo kuna maelezo marefu ambayo mwenyekiti, kwa jinsi anavyotazama saa, hataniruhusu kuyatoa. Kuhusu kuni, makaa na misitu yetu mtaniuliza nje.

Mafundi watakaobaki kwa mazoezi, maboksi matatu yako karibu na mlango. Yafungueni yote matatu kabla hamjashika mwiko.