Nyumba kongwe ya kupanga Alfama: anza na gesi na swichi kuu

Habari zenu huko nyumbani. Leo kamera iko Alfama, mtaa mkongwe wa Lisbon, Ureno, uliosalimika kwa sehemu kubwa na tetemeko la 1755. Jina hilo ni la Kiarabu, al-hamma, chemchemi ya maji moto, ndugu wa hamamu yetu. Na maji moto ndiyo yatakayokusumbua kwanza ukipanga nyumba ya zamani hapa.

Tazameni hiki kisanduku cheupe ukutani jikoni. Ni hita ya gesi isiyo na tangi: ukifungua bomba, mwendo wa maji ndio unaoiwasha. Nyingi zina betri mbili nene chini, zile za tochi, volti 1.5 kila moja. Zikiisha, husikii ule mlio wa tik-tik-tik wa cheche, na maji yanabaki baridi hata kama mtungi wa kilo 13 umejaa.

Kosa la wageni ni hili. Wanapandisha joto la hita hadi mwisho, kisha wakiwa bafuni wanapoza kwa maji baridi mengi. Maji yanayopita kwenye hita yanapungua, moto unazimika, na wewe una povu kichwani. Punguza joto pale pale kwenye kitasa cha hita, halafu fungua bomba la moto lote. La baridi liguse kidogo tu. Kichwa cha shawa kikiziba kwa chokaa, moto utazimika vilevile. Kifungue, kiloweke kwenye siki.

Chungulia kidirisha cha hita: moto uwe wa bluu. Ukiwa wa njano, au kuna masizi juu ya bomba la kutolea moshi, usiiwashe tena, mpigie mwenye nyumba. Kaboni monoksaidi haina harufu. Kichwa kikiuma na kizunguzungu kikaanza, toka nje kwanza na wenzako wote, kisha piga 112. Na lile tundu la hewa ukutani msilizibe na taulo kwa sababu ya baridi, jamani!

Umeme. Nyumba nyingi ndogo zimelipiwa uwezo wa kVA 3.45, yaani ampea 15, kama wati 3450, basi. Jagi la umeme la wati 2200 pamoja na hita ya chumba ya wati 1500 ni 3700, giza. Chomoa kimoja, kisha pandisha swichi kuu iliyo kwenye kisanduku karibu na mlango. Kama swichi zote ziko juu na bado giza, ni mita imekata: shusha swichi kuu, subiri kama dakika moja, pandisha. Ikiruka tena bila kifaa chochote kuchomekwa, kuna hitilafu, mara nyingi unyevu kwenye soketi. Hapo usilazimishe. Plagi zetu za pini tatu bapa haziingii huku, beba adapta ya pini mbili za duara.

Kuta za mawe zinanyonya unyevu. Sogeza kitanda kiasi cha kiganja kutoka ukutani, fungua madirisha asubuhi, na usianike nguo chumbani. Kamba iko nje ya dirisha, kama mnavyoona kwa majirani.

Kabla ya kulipa, dai namba ya usajili inayoishia na AL (Alojamento Local, nyumba ya kupangisha wageni). Lazima iwe kwenye tangazo. Kodi ya watalii ni euro 4 kwa usiku kwa kila mtu kuanzia miaka 13, mwisho usiku 7, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona. Anwani ikisema 3.º Esq., ni ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto, na R/C ni chini kabisa. Lifti sahau. Teksi itakushusha Largo do Chafariz de Dentro, kutoka hapo ni ngazi na mawe yanayomaliza magurudumu ya sanduku, kwa hiyo njoo na begi la mgongoni.