Madai ya safari kwa mkandarasi mwenye saiti nyingi Uingereza

Ndugu zangu, wengi wenu mnafanya kazi Uingereza kupitia kampuni zenu wenyewe: leo Reading, kesho Slough, mwezi ujao Canary Wharf. Mnataka kujua kampuni inaweza kukulipa nauli ipi bila kukatwa kodi.

Tuanze na mkataba. Ukiwa ndani ya IR35, yaani sheria ya kodi inakuona kama mwajiriwa wa mteja ingawa unapitia kampuni yako, tangu tarehe 6 Aprili 2016 kila saiti inahesabiwa kuwa ya kudumu, na safari ya kutoka nyumbani haidaiwi. Walio chini ya kampuni mwavuli (kampuni ya kati inayowaajiri na kuwalipa kwa kazi wanazofanya kwa wateja), wakiwa na mtu mwenye haki ya kuwasimamia au kuwaelekeza namna ya kufanya kazi, wako hali hiyohiyo. Yafuatayo ni ya walio nje ya IR35.

Kutoka nyumbani kwenda saiti ya kudumu huwezi kudai hata peni moja. Kwenda saiti ya muda unadai. Kuhama saiti hadi saiti siku hiyohiyo kwa kazi za kampuni yako, unadai pia.

Saiti inakuwa ya kudumu lini? Mamlaka ya kodi, HMRC, inaangalia kama unatumia hapo asilimia 40 au zaidi ya muda wako wa kazi, kwa kipindi kinachozidi miezi 24 au kinachotarajiwa kuzidi. Hilo la kutarajiwa ndilo linaloumiza watu. Chukua mkataba wa miezi 12 ulioanza Januari 2024. Unadai bila wasiwasi. Novemba 2024 mnakubaliana na mteja uendelee hadi mwisho wa Machi 2026. Jumla imekaribia miezi 27, kwa hiyo madai yanakoma siku hiyo ya Novemba, hata kama karatasi zitasainiwa Desemba. Ukisubiri miezi 24 itimie, umejilipa zaidi ya mwaka mzima wa nauli inayotozwa kodi. Ulicholipwa kabla ya siku hiyo ni halali yako.

Kubadilisha mteja peke yake hakuanzishi hesabu upya. Ukihama Canary Wharf ukaenda ofisi iliyo jirani na Liverpool Street, bado unapanda treni ileile ya njia ya reli ya Elizabeth kutoka Reading, ila unashuka vituo viwili kabla. Safari haijabadilika kwa maana yoyote, na miezi inaendelea. Mkataba wa Birmingham ni safari nyingine kabisa.

Asilimia 40 ni siku mbili kati ya tano. Siku moja kwa wiki iko chini ya hapo, lakini msiifanye kinga: kazi ya kila Jumatano isiyo na mwisho bado inaweza kuifanya saiti iwe ya kudumu.

Kwa gari lako binafsi, mwaka wa kodi 2025/26 kiwango ni peni 45 kwa kila maili katika maili 10,000 za kwanza, kisha peni 25. Maili 13,000 ni pauni 4,500 na pauni 750, jumla 5,250. Humo mmeshaingia mafuta, bima, matairi na sevisi. Ukileta na risiti ya petroli, umedai mara mbili. Risiti hizo zitunzeni tu kama kampuni inarudishiwa VAT ya mafuta. Ada ya maegesho inaongezwa juu yake, faini haiingii. Pikipiki ni peni 24, baiskeli 20.

Daftari la safari lijazwe siku ileile: tarehe, postikodi ya kutoka na ya kufika, maili, mteja, sababu. Mstari unaosema “safari za Machi, maili 900” hautakutetea mbele ya mkaguzi. Mimi nashauri safu moja zaidi: tarehe ya mwisho wa mkataba kama unavyoijua siku hiyo. Ndiyo itakayoonyesha ulichokuwa ukitarajia, ikiwa pamoja na barua pepe za kuongezewa muda. Vyote hivyo kampuni ivihifadhi miaka 6 tangu mwisho wa mwaka wake wa hesabu.