Vikombe Viwili Mezani: Fasihi Pendwa na Kumlea Mwandishi Mwenzako

HAMISI: Karibuni kipindini. Mimi Hamisi, niko na dada Mwanaisha kama kawaida. Leo tunamzungumzia mwandishi wa ridhaa, yule asiyekula kwa kalamu, ambaye mwenzake amemletea muswada na kumwambia, "Nisaidie." Na muswada wenyewe ni wa upelelezi, au wa mapenzi, au wa kutisha. Fasihi pendwa. Aanzie wapi?

MWANAISHA: Aanze kwa kuiheshimu aina ya hadithi aliyoletewa. Wengi wanakwama hapo hapo mlangoni. Mtu kaletewa riwaya ya mapenzi, anairudisha na maoni kwamba haina falsafa nzito. Umepewa shati upime mishono, wewe unalaumu kwamba si kanzu.

HAMISI: Lawama hiyo tumeirithi. Darasani tuligawiwa mafungu mawili: fasihi dhati, ile inayohesabiwa nzito, sebuleni; fasihi pendwa uani.

MWANAISHA: Uani ndiko kunakopikwa, kaka Hamisi. Mchukue Charles Dickens. Kitabu kilichompa jina, kile cha Pickwick, kilianza kutoka mwaka 1836 kwa sehemu, kila mwezi moja. Mwanzoni kilisuasua sokoni. Sehemu ya nne akaingia mtumishi mmoja mwenye maneno mengi, Sam Weller, wasomaji wakampenda, na mpaka mwisho mauzo yakafika kama nakala 40,000 kwa sehemu. Mwandishi yuko katikati ya kazi, hadhira inamjibu, naye anasikia.

HAMISI: Ndiyo fanani, yaani mtambaji wa hadithi, na hadhira yake. "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Hadhira imeagiza vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinachoitwa ujumbe.

MWANAISHA: Ujumbe utakuja wenyewe ukitaka. Utamu ndio hauji wenyewe. Na ukiwanyima, watakudai. Mwandishi Arthur Conan Doyle alimuua mpelelezi wake wa hadithini, Sherlock Holmes, mwaka 1893 kwa kuwa alimchoka. Wasomaji walikasirika, na 1903 ikabidi amfufue. Sasa mlezi wa mwandishi wa aina hii, swali lake la kwanza linatoka huko: hadithi hii imemwahidi nini msomaji, na ahadi iko ukurasa wa ngapi?

HAMISI: Lete mfano. "Ahadi" linaelea hewani.

MWANAISHA: Upelelezi. Maiti ikionekana, umeahidi kwamba muuaji atajulikana, na kwamba msomaji makini angeweza kumkisia. Kasisi mmoja Mwingereza, Ronald Knox, aliandika mwaka 1929 kanuni kumi za aina hiyo. Ya kwanza inasema mhalifu atajwe mapema, na asiwe mtu ambaye msomaji ameruhusiwa kuyafuata mawazo yake.

HAMISI: Na Agatha Christie, mtunzi wa riwaya za upelelezi, alikuwa ameshaivunja miaka mitatu nyuma, 1926. Sitaji kitabu, kuna ambao hawajakisoma.

MWANAISHA: Aliivunja kwa makusudi, ndiyo maana wasomaji wengi walishtuka kwa utamu, ingawa wapo waliolalamika kwamba wametapeliwa. Chipukizi huivunja bila kujua. Muuaji anatokea sura ya mwisho, binamu aliyekuwa ng'ambo, hatujawahi kumsikia. Mlezi hapo asiseme "mwisho wako mbaya." Aseme: binamu huyu ametajwa mara ngapi kabla ya ukurasa wa 180? Akijibu "hata mara moja," ameshajua kazi iliyobaki. Mtaje ndani ya theluthi ya kwanza, umpe shughuli ndogo isiyohusiana na kifo, halafu msahau.

HAMISI: Mapenzi je?

MWANAISHA: Mapenzi msomaji anajua wawili hawa watakuwa pamoja. Anachonunua ni kizuizi. Kama kizuizi chote kingeondoka kwa mazungumzo ya dakika tano, huna riwaya, una watu wawili wasiopigiana simu. Hilo peke yake linaua miswada mingi kuliko lugha mbovu.

HAMISI: Haya, tushuke kwenye kazi yenyewe. Muswada umefika. Nausoma wote?

MWANAISHA: Usikubali wote. Omba maneno 2,500 ya mwanzo, ambayo ni kama kurasa kumi zilizochapwa kwa nafasi mbili. Pamoja na hizo, muhtasari wa msuko mzima, yaani mtiririko wa matukio, usiozidi ukurasa mmoja, mwisho ukiwemo. Wengine huficha mwisho, eti wasiharibu utamu. Mwambie wewe umekuja jikoni, lazima uione sufuria. Na kabla ya kusoma muulize: hii ni rasimu ya ngapi? Unamwandikia nani? Unataka niangalie nini?

HAMISI: Swali la rasimu watu hulidharau.

MWANAISHA: Na ndilo linaloamua kila kitu! Rasimu ya kwanza hairekebishwi tahajia. Ukurasa huo huenda ukafutwa wote. Tena kuna hasara kubwa zaidi: mtu akishainyoosha sentensi mpaka ikang'aa, hataki tena kuitupa, hata kama sura nzima haina kazi. Unamfunga kwenye jengo bovu kwa kupaka rangi.

HAMISI: Kusoma sasa.

MWANAISHA: Mara mbili. Mara ya kwanza bila kalamu, kwa kikao kimoja, kama aliyejinunulia. Mara ya pili kalamu mkononi, na alama nne tu pembeni. Herufi C, nimechoka hapa. Alama ya kuuliza, sijaelewa. X, sijaamini. Na jumlisha, hapa nilisahau kuwa nasoma muswada. Hakuna maelezo, hakuna mishale.

HAMISI: Nne tu?

MWANAISHA: Zinatosha, kwa sababu alama inaonyesha maumivu yalipo, na ugonjwa mara nyingi uko kwingine. C ikiwa ukurasa wa 8, rudi nyuma. Utakuta ukurasa wa 5 mhusika alipata alichokuwa anakitafuta, na tangu hapo hatafuti kitu. Msomaji alichelewa kurasa tatu kuhisi. Ukimwambia mwandishi "fupisha ukurasa wa 8," ataufupisha, na uchovu utahamia wa 9.

HAMISI: Nimekuandalia kipande, nimekitunga kwa makosa yale yale tunayoyaona kila siku. Nakisoma: "Asubuhi Rukia aliamka. Alipiga mswaki, akaoga, akanywa chai. Alikuwa na huzuni sana kwa sababu mume wake alikuwa hajarudi tangu juzi. Ghafla simu iliita." Mfanyie kazi.

MWANAISHA: Alama kwanza. C kwenye mswaki. X kwenye "huzuni sana." Kwenye "ghafla" naweka C nyingine.

HAMISI: Ghafla imekosa nini?

MWANAISHA: Imetangaza mgeni kabla hajabisha hodi. Mshtuko ukitangazwa, msomaji anajikaza. Ifute, sentensi inabaki "Simu iliita," nayo inashtua zaidi. Kwenye kompyuta mwandishi atafute neno hilo muswada mzima, ahesabu. Akikuta 40, aanze kuziondoa moja moja akisoma kwa sauti.

HAMISI: Na "akaoga, akanywa"?

MWANAISHA: Hiyo ni kunga ya Kiswahili chenyewe, na walezi wachache huigusa. "Ka" ni kiambishi cha mwendo. "Akaruka ukuta, akaanguka, akainuka, akakimbia" inabeba mbio bila kivumishi hata kimoja. Ukiitumikisha kwa mswaki na chai, zamu ya mbio za kweli ikifika, sikio la msomaji limeshaizoea. Kinyume chake nacho kipo: aliruka, alianguka, aliinuka, alikimbia. Kila kitendo kimesimama peke yake kama ripoti ya polisi.

HAMISI: Sasa kishawishi. Mlezi anajua kuandika. Anachukua kalamu na kuandika upya aya ya Rukia, inapendeza, anamrudishia.

MWANAISHA: Na hapo amemharibu. Mwanafunzi ataona aya ni nzuri, ataipokea, na sura ya pili atajaribu kuigiza sauti ile. Baada ya miezi sita una miswada miwili yenye sauti ya mtu mmoja. Kalamu ya mwenzako usiishike. Uliza swali linaloweza kujibiwa kwa kitu kinachoshikika. Kwa Rukia ningeuliza hivi tu: "Mezani pana vikombe vingapi?"

HAMISI: Basi?

MWANAISHA: Basi. Nenda ukae. Mwandishi mwenye jicho anaweza kurudi na kitu kama: "Rukia alitenga vikombe viwili. Kimoja akakirudisha kabatini kabla mtoto hajakiona." Hakuna neno huzuni. Na ona, mtoto amezaliwa hapo! Hakuwemo katika aya ya kwanza. Mlezi asingemfikiria, kwa sababu nyumba ile si yake.

HAMISI: Na "ka" imebaki moja, kwenye kitendo chenye uzito.

MWANAISHA: Umeiona mwenyewe.

HAMISI: Mazungumzo ya wahusika. Mimi huko naona tatizo moja kubwa: wote wanaongea Kiswahili cha taarifa ya habari. Mtoto wa miaka minane anasema "hali hii inanisikitisha mno."

MWANAISHA: Jaribio lake ni rahisi. Nakili kurasa mbili za mazungumzo, futa majina ya wasemaji na "alisema" zote. Mpe mtu asiyejua hadithi, aweke alama nani kasema nini. Akichanganya zaidi ya nusu, wahusika ni mmoja aliyevaa kofia tofauti. Dawa yake usiikimbilie kwenye lafudhi na matusi. Anza na urefu wa sentensi, na kile mhusika anachokwepa kukijibu.

HAMISI: Na wale wa "alifoka, alibwata, alinguruma"?

MWANAISHA: "Alisema" haionekani, ndiyo sifa yake. Kufoka kuwe ndani ya maneno yenyewe.

HAMISI: Barua ya maoni unaiandikaje?

MWANAISHA: Mambo matatu. Hata ukiona kumi na saba, andika matatu, makubwa kwanza: msuko, kisha wahusika, kisha usimulizi. Lugha mwishoni kabisa, nayo kwa ukurasa mmoja tu wa mfano. Rekebisha ukurasa huo, taja aina ya kosa, labda anaandika mara "kwa hiyo" mara "kwahiyo" ovyo, au anachanganya "l" na "r," halafu mwachie zilizobaki azisake. Ukimsahihishia zote, atakuletea zile zile mwakani.

HAMISI: Na sifa? Kuna mlezi anayeogopa kusifu, na kuna yule wa "nzuri sana, endelea hivyo hivyo."

MWANAISHA: Huyo wa pili simpendi zaidi. "Endelea hivyo hivyo" ipi? Sifa iwe na anwani: ukurasa wa 6, mstari wa tatu, alipokirudisha kikombe, hapo niliweka jumlisha, kwa kuwa umenionyesha hofu bila kuitaja. Mwandishi akijua kilichofanya kazi na kwa nini, anaweza kukirudia kwa makusudi. Hofu ya sifa tunaifanya adabu ya fani, kumbe mara nyingine ni uvivu wa kusoma kwa makini.

HAMISI: Kisha kikao cha ana kwa ana, na mwandishi anaanza kujitetea. "Hapo nilimaanisha kwamba mume alikuwa na deni..."

MWANAISHA: Mwache amalize. Kisha swali moja, kwa upole: "Hilo ulilonieleza sasa hivi limeandikwa ukurasa wa ngapi?" Halimfedhehi, na linamwonyesha kwamba nusu ya hadithi ingali kichwani mwake. Mganga hajigangi kwa sababu hiyo hiyo. Anayejua deni lipo hawezi kuona kwamba halipo.

HAMISI: Mlezi wa ridhaa mipaka yake iko wapi? Hajachapishwa, hana jina.

MWANAISHA: Anaweza kusoma vizuri, na hicho ni kitu adimu. Asichoweza ni kusomea mwenzake mkataba wa uchapishaji. Hapo amwelekeze kwa mwanasheria anayejua hakimiliki. Asiahidi mchapishaji. Na asibebe wazo la mwenzake kwenda nalo kwenye hadithi yake, hata kwa kujisemea kwamba ameliboresha.

HAMISI: Wasomaji wangapi kwa muswada mmoja?

MWANAISHA: Wawili au watatu. Wakifika wanane, mwandishi anaanza kuhesabu kura. Maoni yanayogongana yamfundishe kutazama mahali: wawili wakilalamikia ukurasa mmoja kwa sababu tofauti, ukurasa una shida, hata kama sababu zote mbili si sahihi.

HAMISI: Kuna yule anayeirudisha sura ya kwanza kila wiki. Rasimu ya kumi na mbili, sura ya pili haipo.

MWANAISHA: Huyo katalia. Usiisome tena sura ya kwanza mpaka alete ya mwisho, hata ikiwa mbovu. Sura ya kwanza haijulikani inapaswa kufanya nini mpaka mwisho ujulikane. Mpe kiasi, maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki. Kwa wiki 40 hayo ni maneno 60,000, riwaya nzima ya upelelezi.

HAMISI: Rasimu ya pili ikija, nailinganisha na ya kwanza?

MWANAISHA: Isome kwanza kama ngeni. Weka alama nne zile zile, kisha ndipo ufungue ya zamani. Zikidondoka mahali pale pale, mweleze mara moja tu.

HAMISI: Na akikataa?

MWANAISHA: Muulize kama anajua kwa nini anakataa. Akiwa na sababu, hata usiyoipenda, geuza ukurasa uendelee kusoma. Asipokuwa nayo, mwachie wiki mbili, usimkumbushe.