Rangi ilikuwa na bei

Jamani, wanaonijua washanisikia na hili na leo mtalisikia tena, maana kila nikiongelea machotara wa Amerika ya Kispania lazima atokee mtu aseme kule wote wamechanganyika, ubaguzi wa rangi utoke wapi, shida ni hela tu? Haya. Zile picha za casta, yaani za kuwapanga watu kwa mchanganyiko wa damu, zilizochorwa Mexico miaka ya 1700 chini ya Uhispania mnazijua, baba, mama, mtoto na maandishi ya nani kazaa nani. Mhispania akizaa na mwenyeji, mtoto ni mestizo. Mestizo akizaa na Mhispania anapatikana castizo, castizo naye akizaa na Mhispania, basi, mtoto Mhispania kamili, vizazi vitatu tu umetakata. Sasa mwenye bibi Mwafrika je? Huyo wanamzungusha weee, hata akikaribia weupe mtoto akitoka mweusi anaandikwa torna atrás, yaani karudi nyuma!

Halafu 1795, hapa ndo huwa siachi, serikali ya mfalme wa Uhispania ikatoa orodha ya bei kama menyu ya hoteli. Pardo, mwenye asili ya Kiafrika, akitaka afutiwe hali hiyo kisheria alipe reales 500 (sarafu ya Uhispania), quinterón ambaye damu yenyewe imebaki kidogo alipe 800. Ndiyo, mweupe zaidi alilipa zaidi, msiniulize mimi hesabu hiyo. Diego Mexías Bejarano, pardo wa Caracas, Venezuela, akalipa, 1796 akapata karatasi yake ya kufutiwa, anataka mwanawe asome awe padri, wakubwa wa mji wakagoma. Baraza la mji likamwandikia mfalme mwaka huohuo aisimamishe amri yake mwenyewe! Kwa hiyo wewe unayesema kule shida ni hela tu si rangi, mzee wa watu hela si katoa? Alibakiza nini?

Ufilipino, nayo ilitawaliwa na Uhispania, nilitaka kuikalia ila muda umeniishia, mjue tu machotara wa Kichina walipangiwa kodi mara mbili ya wenyeji.

Na Mexico yenyewe, Vicente Guerrero, mwenye damu ya Kiafrika, kawa rais 1829 na mwaka huohuo kafuta utumwa, jimbo zima likapewa jina lake. Ila sensa ya nchi kuwauliza watu kama wana asili ya Kiafrika, mpaka 2020! Zaidi ya milioni 2.5 wakasema ndiyo, na wengine wako Costa Chica, pwani ambayo sehemu yake iko ndani ya jimbo hilohilo la Guerrero.