Sakafu ya Banda la Gari Huchaguliwa Kuanzia Chini

(Mhadhara kwa wenye nyumba na mafundi ujenzi, Dar es Salaam)

Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, ndugu mafundi na ninyi nyote ambao bado mko kwenye ujenzi,

Nashukuru kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie sakafu inayodumu katika gereji ya nyumbani, na kwa kuwa hapa kwetu tukitamka gereji akili hukimbilia kwa fundi magari, chini ya mwembe, penye vyuma na oili chafu, nitatumia zaidi neno banda la gari. Namaanisha kile chumba kilichoshikana na nyumba ambamo gari hulala, na ambamo, tukisema kweli, hulala pia pikipiki, jenereta, betri ya zamani, ndoo za rangi zilizobaki na baiskeli za watoto.

Nianze na kosa nililolifanya mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifundisha zaidi ya yote nitakayoyasema leo. Nilipojenga nyumba yangu kando ya bahari, kaskazini mwa jiji, nilimwaga zege la banda la gari juu ya kifusi kilichoshindiliwa vizuri, lakini sikutandika nailoni chini yake, kwa kuwa nilijiambia kwamba pale halali mtu, linalala gari. Baada ya miezi michache nikapaka epoksi ya kijivu, ule mpako wa majimaji unaoganda sakafuni kuwa ngozi ngumu inayong'aa. Ilipendeza sana, ukiwasha taa ya dari ulikuwa unaiona sakafuni. Masika ya kwanza ilipokolea, nikaona malengelenge madogo karibu na ukuta wa nyuma, kila moja likiwa na ukubwa wa shilingi. Nikatumbua moja kwa ncha ya ufunguo, likatoa maji ya rangi ya chai hafifu, na nilipoyasugua kati ya vidole yalikuwa yanateleza kama maji ya sabuni. Wiki chache baadaye nikirudisha gari nyuma asubuhi nikasikia mchaniko mdogo. Nikashuka, nikakuta kipande cha epoksi cha upana wa kiganja kimeganda kwenye tairi.

Epoksi ile haikuwa mbovu, na fundi aliyeipaka aliipaka ipasavyo. Tatizo lilikuwa chini yake. Zege, ndugu zangu, hata likiwa gumu kiasi gani, lina vinyweleo, na vinyweleo hivyo hunyonya maji kutoka ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Maji hayo yakifika juu na kukuta uso ulio wazi, hukauka bila wewe kujua. Yakikuta uso uliofunikwa na kitu kisichopitisha mvuke, hujikusanya hapo hapo, yakiwa yamebeba chumvi na ukali wa saruji, na ule utelezi nilioushika vidoleni ulitokana na ukali huo. Kisha yanaanza kusukuma. Katika ukanda wetu wa pwani, ambako mchanga ni mwepesi na wakati wa masika maji ya ardhini hupanda karibu sana na uso, msukumo huo ni jambo la kila mwaka.

Kwa hiyo mtu anayeniuliza apake nini juu, mimi humuuliza kwanza ametandika nini chini. Kama bado hujamwaga zege, una bahati, na naomba usiichezee. Shindilia kifusi kwa tabaka, weka mchanga laini juu yake ili mawe yasitoboe, piga dawa ya mchwa, kisha tandika nailoni nzito ya geji 1000, ambayo unene wake ni robo ya milimita. Vipande vipandane angalau sentimita 15, na kingo zipande ukutani hadi kukutana na tabaka la kuzuia unyevu. Juu yake mwaga zege la sentimita 10, au 15 ikiwa una gari zito, lenye wavu wa chuma ulioinuliwa kwa vipande vidogo vya zege usije ukalala chini kabisa ambako haufanyi kazi yoyote.

Hapo kwenye kumwaga ndipo ninapoumia moyo kila ninapopita kwenye nyumba zetu. Vibarua huongeza maji ili koleo liwe jepesi, na zege linakuwa uji. Kwa mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, maji yasizidi lita 25 hivi, na kama mchanga umelowa mvua yapungue zaidi. Maji ya ziada hupanda juu yakibeba chembe laini za mchanga na saruji, yanakauka, yanaacha ngozi dhaifu ambayo utaifagia kila siku kwa miaka yote utakayoishi pale. Kila anayelalamika kwamba sakafu yake inatoa vumbi hata afagie vipi, ajue kwamba vumbi lile lilizaliwa siku ya kumwaga. Baada ya hapo zege linataka kumwagiliwa maji siku 7 mfululizo, likiwa limefunikwa kwa magunia au nailoni, na lisipakwe kitu chochote cha kuziba kabla ya siku 28.

Bado niko kwenye zege, mnisamehe, kwa maana sakafu yenyewe ndiyo hiyo. Banda la gari la mita 3 kwa 6 lazima lipasuke mahali fulani linapokauka, kwa sababu zege husinyaa. Ukilikatia mistari kwa grinda kila baada ya mita 2.5 hadi 3, kwa kina cha robo ya unene wake, litapasukia ndani ya mistari hiyo ambako hutauona ufa. Na liinamie mlangoni. Sentimita 6 hadi 12 katika urefu wa mita 6 zinatosha kuyatoa maji yanayochuruzika kwenye gari lililoingia na mvua, na macho hayatauona mwinamo huo.

Sasa tuje kwenye uzito, maana wengi hudhani gari ndilo linalovunja sakafu. Gari dogo kama Toyota IST lina takriban tani 1, lakini tairi hulikanyagisha ardhini kwa mgandamizo unaokaribiana na upepo uliomo ndani yake: ukijaza PSI 32, ni kama kilo 2 na robo kwa kila sentimita ya mraba. Ni mzigo mdogo. Lakini siku utakapoinua pembe moja ya gari hilo kwa jeki na kuliegemeza kwenye stendi ya chuma, kilo 300 hivi zitashuka kupitia miguu minne myembamba. Kila mguu ukigusa sentimita 3 za mraba, hapo umefika kilo 25 kwa sentimita moja ya mraba, zaidi ya mara 10 ya tairi. Mguu wa pembeni wa pikipiki nao hufanya vivyo hivyo kila jioni, na mara nyingi ni mahali pale pale. Zege zuri hubeba mara 10 ya mzigo huo bila kulalamika. Linaloumia ni lile ulilolitandaza juu yake.

Ndiyo maana naomba tuwe waangalifu na marumaru, yaani vigae. Zinapendwa, zinasafishika, na fundi wa kuzipanga yuko kila mtaa. Tofauti ya zinazodumu na zinazovunjika iko katika mambo mawili. La kwanza ni aina. Kigae cha ukutani hunyonya maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake na ni laini. Kile kigumu cha poselini hunyonya si zaidi ya asilimia 0.5. Geuza kigae upande wa nyuma, weka tone la maji, subiri. Kinachomeza kirudishe rafuni. La pili ni upangaji. Fundi akiweka madonge matano ya saruji, manne pembeni na moja katikati, anaacha mapango chini, na stendi ya jeki itakapotua juu ya pango kigae kitalia kama yai. Gundi itandazwe chini yote kwa mwiko wa meno, na kesho yake upite ukigonga kila kigae kwa mpini wa nyundo. Mlio mtupu maana yake king'olewe siku hiyo hiyo, kabla fundi hajalipwa. Kuhusu utelezi, vigae vya sakafu hupewa daraja kuanzia R9 hadi R13. Kwa mahali panapoingia tairi lililolowa chukua R11, na zile zinazong'aa kama kioo ziache zikae sebuleni.

Kuna mama ameniuliza kuhusu mikeka ya mpira na kapeti za plastiki. Mama, kwa sehemu unayosimama ukifua au ukifanya kazi ya mikono, ni nzuri, miguu itakushukuru. Chini ya tairi siishauri. Ndani ya tairi kuna dawa za kuzuia mpira usizeeke, nazo huhamia kwenye plastiki na kuacha doa la manjano au kahawia ambalo hakuna sabuni inayolitoa. Na mpira wa kawaida ukinywa oili huvimba na kulainika.

Terazo, ile sakafu ya saruji yenye punje za mawe iliyosuguliwa, tunayoikuta katika majengo ya zamani ya katikati ya jiji, ninaipenda kuliko zote kwa macho, na nimeona ngazi zake zilizokanyagwa miongo mingi zikiwa bado imara. Lakini punje zake ni za jiwe la marumaru lenyewe, nalo ni chokaa, na tindikali ya betri ya gari huila chokaa. Mwenye betri ya zamani pembeni ya banda atapata shimo.

Epoksi, basi. Sikuja kuipiga marufuku. Juu ya zege kavu lenye nailoni chini yake, lililosuguliwa kwa grinda hadi uso uwe kama msasa, epoksi huzuia oili, tindikali na vumbi kwa miaka mingi. Ila kuna epoksi na kuna rangi iliyoandikwa epoksi. Ile ya kupaka kwa rola huacha ngozi isiyofika hata milimita nusu, nayo tairi lenye joto, likitoka barabarani saa 8 mchana, huilainisha, kisha likipoa hujikunja likiivuta. Ile ya kumwaga ikajisawazisha yenyewe hufika milimita 2 au 3 na ndiyo yenye maana kwa mwenye kuweka jeki. Jua huifanya epoksi iwe ya manjano na kuchujuka, kwa hiyo sehemu ya mlangoni inahitaji tabaka la juu la poliyurethani, mpako mwingine unaostahimili jua. Wala isipakwe asubuhi ya umande au siku ya manyunyu.

Nina vipande viwili vya zege hapa mezani. Mzee uliye mbele, naomba unisaidie: dondoshea kila kimoja tone moja la maji. Angalieni. Kipande hiki cha kulia kimelinywa, pamebaki alama nyeusi tu. Hiki cha kushoto tone limesimama kama jicho la samaki, maana kilimwagikiwa oili zamani na kikafutwa kwa kitambaa. Kwa macho vinafanana. Ukipaka epoksi juu ya hiki cha kushoto, unaipaka juu ya oili, na itabanduka.

Ninachokitumia leo kwangu, baada ya kukwangua ile epoksi yote, ni zege tupu. Nililisugua kwa mashine hadi ngozi dhaifu ikatoka, likawa laini bila kuteleza, kisha nikalinywesha dawa ya silikati, ambayo haikai juu kama rangi bali huingia vinyweleoni, ikakutana na chokaa huru ya saruji na kuigeuza kuwa sehemu ya zege lenyewe. Vumbi limekoma. Mvuke unapita kama ulivyokuwa ukipita. Oili ikidondoka lazima niifute mapema, la sivyo huacha doa, na madoa ninayo, hayanisumbui. Kwa nyumba nyingi za pwani ambazo zege lake lilikwisha kumwagwa bila nailoni, sijaona jibu bora kwa fedha ya kawaida, na anayetaka uso wa kupendeza zaidi akiwa katika hali hiyo achukue poselini kwa gundi ya saruji, ambayo huuvumilia unyevu kuliko epoksi, au apange matofali ya pevingi juu ya mchanga, yanayopitisha maji na ambayo moja likivunjika unalichomoa peke yake.

Pale mlangoni nimeweka vipande vya nailoni vya sentimita 45 kwa 45 na selotepu pana. Kila mmoja achukue vitatu. Ukifika nyumbani bandika kimoja katikati ya banda, kimoja karibu na ukuta wa nyuma, kimoja mahali palipo chini zaidi, pande zote nne zikiwa zimezibwa, mahali pasipopigwa na jua. Vikibandikwa saa 12 jioni, visiguswe hadi saa 4 asubuhi. Hizo ni saa 16. Ukikuta matone ndani yake, au zege limekuwa jeusi chini ya nailoni, usinunue epoksi. Ukikuta pakavu, nakuomba urudie tena mwezi wa Aprili, mvua ikiwa imenyesha wiki nzima, ndipo uniite tuzungumze rangi.