Kalamu, Fomu na Mhudumu wa Sartre

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tulipanga mambo manne ambayo kila binadamu hukabiliana nayo, kama alivyoyataja Irvin Yalom, daktari wa akili Mmarekani, katika kitabu chake cha 1980: kifo, uhuru, upweke na kukosa maana. Nimeandaa somo moja kwa kila jambo.

BARAKA: Kwanza pole, dada. Mama anaendeleaje?

ZUHURA: Ahsante, anakula sasa. Wiki hii daktari alituwekea fomu mezani: apasuliwe, au aendelee na dawa. Akasema njia zote mbili zinafaa, uamuzi ni wetu. Wadogo zangu wote wakanigeukia mimi. Nilishika kalamu mpaka jasho likalowesha pembe ya karatasi. Na kisu hakikunitisha, Baraka. Kilichonitisha ni kwamba naweza kuandika lolote na hakuna wa kunizuia.

BARAKA: Hapo umemkuta Kierkegaard, yule mwanafalsafa wa Denmark, 1844! Hofu ina kitu chake, unaweza kukionyesha kwa kidole. Wasiwasi hauna. Aliuita kizunguzungu cha uhuru.

ZUHURA: Rollo May, mwanasaikolojia Mmarekani, alimsoma akiwa amelazwa kwa kifua kikuu. Alisema Freud, mwanzilishi wa tiba ya uchambuzi wa nafsi, alieleza wasiwasi unavyofanya kazi, ila Kierkegaard ndiye aliyeandika yale wanayoyapitia wagonjwa wenyewe. Sasa namwelewa. Lakini aliyenituliza ni nesi. Aliigeuza fomu upande wangu, akasema, “Saini hapa, dada, halafu hapa.” Sauti tulivu, ya mtu aliyeshayasema hayo mara nyingi.

BARAKA: Basi huyo ni mhudumu wa Sartre!

ZUHURA: Yaani hata kipindi cha ndoto ulimleta.

BARAKA: Na cha msamaha pia. Kwa wageni: 1943 Sartre, mwanafalsafa Mfaransa, aliandika habari za mhudumu wa mkahawa ambaye miondoko yake ni ya haraka mno, anainama kwa bidii iliyozidi, anacheza kuwa mhudumu. Anajifanya kitu, kama vile meza ilivyo meza, asikumbuke kwamba kila asubuhi yeye ndiye anayechagua kuamka na kwenda kazini. Huko ni kujidanganya.

ZUHURA: Aliyekaa kwenye kiti akinywa kahawa anamhukumu aliyesimama tangu asubuhi! Nesi angeanza kujiuliza yeye ni nani mbele ya mama yangu, ningefanyaje? Ile sare ilinibeba.

BARAKA: Ilikubeba wewe. Yeye je? Mtu akijificha ndani ya sare, siku akiamriwa jambo ovu atasema ni kazi tu.

ZUHURA: Mtazame Viktor Frankl, daktari wa akili kutoka Austria. Wanazi walimpeleka katika kambi zao za mateso 1942, akakombolewa 1945. Karibu na mwisho alijitolea kuhudumia wagonjwa wa homa iliyoenezwa na chawa. Aliona kwamba hata akifa, kuwasaidia wenzake kama daktari kutakuwa na maana. Hapo kujidanganya kuko wapi?

BARAKA: Umesema mwenyewe: alijitolea. Alijua anaweza kukataa. Ndicho anachokidai Sartre.

ZUHURA: Nesi wangu umejuaje hakuchagua? Umeisikia sauti yake kupitia kwangu tu.

BARAKA: Sijui. Ila wewe pia hujui kama alichagua, na umeshamtetea.

ZUHURA: Nitamtetea. Mtu akiwa amevunjika hahitaji kuambiwa yuko huru. Anahitaji mtu anayejua fomu inasainiwa wapi.

BARAKA: Na mimi nasema wewe uliyesaini ulikuwa huru, ndiyo maana ulitoka jasho. Mtu akikuondolea jasho lile, amekuondolea na uamuzi.

ZUHURA: Hapana. Uamuzi niliufanya, na mkono wake ulikuwa begani kwangu.

BARAKA: Hapo hatutakubaliana.

ZUHURA: Hatutakubaliana. Tumebakiwa na dakika mbili, na kifo, upweke na maana hatujavigusa.

BARAKA: Soma basi somo lako la kwanza.

ZUHURA: La kwanza ni kifo, haliwezi kuingia katika dakika mbili. Acha. Wasikilizaji, tuandikieni: mhudumu yule anajidanganya au anafanya kazi yake?

BARAKA: Anajidang...

ZUHURA: Wao, Baraka. Waache wao waseme. Nawahi zamu yangu kwa mama. Kwaherini.